Sura ya Sita: Mwezi Uliomeza Taa

Kumpenda mtu usiyemwamini ni kazi ya kuchosha, jamani, na Recho alikuwa ameifanya kazi hiyo tangu mwezi uliopita. Mchana anacheka na Castory, jioni anamchunguza. Hata Jumamosi hii, siku ya Castory kusoma kitabu chake, alipomwona anaingia dukani na shati jeupe lililonyooka kwa pasi, moyo ulimruka kwa furaha, na hapohapo macho yakateremka hadi mfukoni kuitafuta simu.

Simu ndiyo iliyoleta maneno. Siku moja mwezi uliopita Castory aliiacha juu ya meza ya duka, akatoka kununua maji, ikaanza kuita. Kwenye kioo likatokea jina: Eufrasia. Recho hakuipokea, amelelewa vizuri yule. Lakini Castory aliporudi na kuambiwa, alibadilika uso mtu mzima.

"Ah, huyo ni mwalimu mwenzangu tu pale shuleni," alisema.

"Mpigie basi. Huenda ana shida."

"Nitampigia baadaye."

Baadaye yenyewe haikuchelewa. Alitoka, akaenda kusimama nyuma ya banda la mafundi cherehani, na Recho kupitia dirishani akamwona anaongea ameinamisha kichwa, anatabasamu, anaitikia kwa upole ambao hakuna mwalimu anayempa mwalimu mwenzake. Tangu siku hiyo jina la Eufrasia lilimkaa Recho kooni. Hakuuliza tena. Alikuwa anaogopa jibu.

Tusimlaumu. Miaka mitatu nyuma aliwahi kuchumbiwa na bwana mmoja muuza vitenge, mzuri wa maneno, ndugu wakaketi, vinywaji vikanywewa, halafu ikajulikana kwamba bwana ana mke na watoto ng'ambo ya ziwa. Mtaa wao wote wa wavuvi, Bangwe, ulimcheka. Recho akahamishia uchungu wake wote kwenye vitabu, akafungua duka pale Mwanga, jirani na soko, na watu wakaliita Kwa Recho. Jumamosi asubuhi watoto wanasomewa hadithi. Mchana wakubwa wana darasa la uandishi, na mwalimu wake ndiye huyo Castory. Na mara moja kila mwezi kuna Siku ya Mwandishi, viti vinapangwa, mtu anasoma kazi yake mbele za watu.

Sasa kesho, baada ya ibada, mshenga wa Castory alikuwa anakwenda Bangwe kwa baba yake Recho, Mzee Yona. Na Mzee Yona, mvuvi wa zamani asiye na maneno mengi, alikuwa amemwita binti yake asubuhi.

"Wewe ndiye uliyesema unamjua," alimwambia. "Mimi namwona anaingia na kutoka tu. Leo jioni nipe neno moja. Nimpokee mshenga, au nisimpokee?"

"Nitakwambia, baba."

"Safari hii sitaki kuchekwa."

Shangazi Melania, dada yake Mzee Yona, yeye hakuhitaji kusubiri jioni. Alikuja dukani mapema, akajitupa kwenye kiti cha mbele, akaanza kujipepea na kitabu cha watu.

"Ana mke huyo," alisema.

"Shangazi, jamani. Punguza sauti."

"Napunguza ya nini? Mwanamume mzuri vile, mwalimu, umri wake ule, hana baba, hana mama, hana kaka, hana hata binamu wa kumsindikiza! Kwani ukoo mzima ulipanda chombo kimoja kikazama?"

"Ameshasema. Wazazi wake walifariki akiwa mdogo, akachukuliwa Tabora kulelewa. Lakini kwao ni Bangwe."

"Bangwe ipi? Mimi Bangwe nawajua hadi paka. Nimemuuliza nyumba yao ilikuwa upande gani, akaniambia 'kule chini, karibu na maji.' Loo! Nani asiye karibu na maji Bangwe? Na migebuka niliyompikia, umeona alivyokula? Alikuwa anaichambua miiba kama mgeni wa Dodoma!"

Recho alicheka, maana ilikuwa kweli, halafu kicheko kikamkauka. Hata yeye alikuwa ameiona ile miiba. Alikuwa amemwona pia Castory akikataa kupanda mtumbwi siku ya matembezi ya darasa, akisema tumbo linamuuma. Mambo madogomadogo, kila moja ukilitazama peke yake halina neno. Yeye alikuwa ameyakusanya yote.

Castory akamsogelea pale mlangoni, watu walipoanza kuingia. "Mbona unanitazama hivyo?"

"Hivyo vipi?"

"Kama askari wa forodha."

"Una mzigo wa kuficha?"

Alisema kwa utani. Castory hakucheka. Alimtazama kwa yale macho yake mazito yaliyomfanya Recho usiku ajigeuzegeuze kitandani, akataka kusema kitu, midomo ikafunguka. Kisha kundi la wavuvi wa Bangwe likaingia likipiga kelele, na neno lile likarudi lilikotoka.

"Nikimaliza kusoma nataka tuzungumze," alisema tu.

Mtu hakwambii 'nataka tuzungumze' kwa jambo jema.

Duka lilijaa. Mzee Yona alikaa kiti cha mbele, kofia magotini, dada yake pembeni. Nyuma yao walikaa wavuvi, Thobias akiwazidi wote kwa sauti, kijana mwenye mtumbwi wake mwenyewe na mdomo usiopumzika. Wanafunzi wa darasa walisimama kandokando ya makabati. Na mwisho kabisa, wakati Castory ameshainamia karatasi zake akipanga kurasa, aliingia mama mmoja mtu mzima.

Alikuwa amevaa kitenge kipya ambacho bado kilikuwa na mikunjo ya dukani. Mkononi alikuwa na kikapu kilichofunikwa na kitambaa. Alipiga makofi taratibu, akawasalimia kwa Kiha waliokaa karibu na mlango huku akiinama kidogo, kisha akajipenyeza kwenye benchi la nyuma kabisa, nyuma ya mgongo wa kijana mrefu.

Recho akamkazia macho. Siku hizi kila mwanamke asiyemjua alikuwa mshukiwa. Huyu ni mzee, si mke. Lakini je, kama ni mama wa mke? Mkwe mtu, amesikia kwamba mume wa binti yake anataka kuoa mjini, ameteremka kumfumania!

Pale Kwa Recho hakuna anayesoma kabla ya kutaja mambo matatu: jina lake, kwao, na mtu aliyemsimulia hadithi ya kwanza maishani. Ndiyo desturi ya duka, wanaifanya hata watoto wa asubuhi. Castory akasimama, akakohoa.

"Naitwa Castory. Kwetu ni hapa Bangwe." Wavuvi wakapiga makofi kwa ajili ya mtu wao. "Na aliyenisimulia hadithi ya kwanza ni mama yangu. Marehemu mama yangu."

Yule mama wa benchi la nyuma alikuwa anakitengeneza kitambaa cha kikapu chake. Mkono ukasimama. Ukabaki hapo hewani, kisha ukashuka polepole pajani. Recho aliona. Hakuelewa alichokiona, lakini aliona.

Castory akasoma. Hakuna aliyewahi kukataa kwamba alikuwa na sauti. Ilikuwa sauti ya chini, haina haraka, na Recho, pamoja na mashaka yake yote, alijikuta ameegemea kabati na amesahau kupumua. Hadithi ilimhusu kijana anayempenda msichana wa ukoo uliomkataa. Usiku wa miadi yao kijana anasimama pwani ya ziwa.

"Mwezi ulikuwa umejaa," alisoma Castory, "na chini yake mitumbwi yote ya Bangwe ilikuwa kazini, ikivua dagaa. Taa zilikuwa zinawaka, lakini huwezi kuziona. Mwezi ulikuwa umezimeza. Naye aliyaamini mapenzi yake vivyo hivyo, kwamba yapo, yanawaka, hata kama..."

"Samahani, mwandishi!"

Alikuwa Thobias, mkono juu, meno yote nje.

"Maswali mwishoni, Thobias," Recho alisema.

"Dogo tu, dada Recho. Mwandishi, umesema mwezi umejaa, na watu wako majini wanavua dagaa?"

"Ndiyo," Castory alijibu.

"Sasa sisi hapa tunafanya nini?"

Duka lote likalipuka kwa kicheko. Kwa wale wanafunzi wawili watatu wa bara waliobaki wanashangaa, Thobias aligeuka kuwaeleza huku akifuta machozi. Dagaa huvutwa na taa gizani. Mwezi ukiwaka ziwa zima linakuwa na mwanga, dagaa hana haja ya taa yako, basi nyavu zinaanikwa na wavuvi wanapumzika nyumbani hadi giza lirudi. Kila mtu anajua. Ndiyo maana dada Recho Siku ya Mwandishi huiweka siku za mbalamwezi, ili watu wa majini nao wahudhurie!

"Mwalimu unafundisha hapa siku zote hizi, hukuwahi kujiuliza?" Thobias alimalizia. Watu wakacheka tena.

Castory alijaribu kucheka nao. Kijasho chembamba kilikuwa kimemtoka juu ya mdomo. Mzee Yona peke yake hakucheka. Alikuwa anamtazama Castory kama anavyoitazama hali ya hewa.

"Kijana," alisema, na duka likanyamaza. "Marehemu baba yako alikuwa mvuvi, sivyo?"

"Ndiyo, mzee. Lakini niliondoka nikiwa mdogo."

"Mtoto mdogo wa Bangwe hajui kusoma, hajui kuhesabu. Lakini anajua baba analala nyumbani siku zipi."

Shangazi Melania alimgeukia Recho, akamwinulia nyusi zote mbili. Recho akahisi aibu inampanda kutoka miguuni. Ni ile ile ya muuza vitenge, ilikuwa inarudi nyumbani kwake. Akapiga makofi kwa nguvu, akatangaza kwamba kusoma kumekwisha, wanaotaka kusainiwa vitabu wapange foleni mezani.

Na yeye akasimama nyuma ya kiti cha Castory, karibu, aone kila kitu.

Watu walipita. Mama wa kikapu alikuwa wa mwisho. Alipofika mezani na kuweka kitabu chake, Castory alikuwa bado ameinamisha kichwa, kalamu tayari.

"Niandike nani?" aliuliza, akainua macho.

Recho aliuona mgongo wa shati jeupe ukikakamaa. Hakuiona sura yake, ila ya yule mama aliiona vizuri sana, na haikuwa na hasira hata kidogo. Mama alitikisa kichwa, kidogo tu, kama anayemkataza mtoto asiseme kitu mbele za wageni.

"Andika Eufrasia," alisema.

Kalamu haikusogea.

"Eufrasia, mwandishi. Kwa E."

Castory akaandika. Herufi zilipinda. Akamrudishia kitabu kwa mikono miwili, na yule mama akakipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akamgeukia Recho.

"Wewe ndiye mwenye duka? Hiki ni chako, mwanangu. Mtu haji kwenye shughuli mikono mitupu." Akamwekea kikapu mikononi. Kilinukia kahawa mpya iliyokaangwa. Chini yake kulikuwa na ndizi.

Kabla Recho hajapata neno, mama alishafika mlangoni. Recho akamfuata hadi nje, kikapu mkononi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

"Umetoka mbali?"

"Juu huko. Kalinzi."

"Unamfahamu yule mwandishi?"

"Simfahamu." Alijibu upesi mno. "Nimesikia redioni kuna mtu anasoma kitabu. Nikasema nije nisikie."

Recho alimtazama. Eufrasia wa kwenye simu ndiye huyu, na anasema hamfahamu. Kuna nini hapa? Wanamficha nani? Akaamua kumvizia kwa upole.

"Umependa nini alichosoma?"

Uso wa mama ukafunguka. "Pale pa taa! Wale vijana wamecheka, lakini amesema kweli. Kule kwetu ukisimama ukingoni jioni za giza unaziona taa za wavuvi, nyingi, mji mzima juu ya maji. Ukija mwezi, huzioni. Mwezi unazimeza. Nilikuwa nasimama pale nimembeba mgongoni, analia anataka taa zake, namwambia nyamaza, mwana wanje, mwanangu, taa zipo, mwezi utazitapika..."

Mkono ukaenda mdomoni.

"Ulikuwa umembeba nani, mama?" Recho aliuliza taratibu.

"Mzigo," alisema Eufrasia. "Nilikuwa nimebeba mzigo wangu tu."

Machozi yalimjaa yule mama, akageuka kutazama barabara kama anasubiri pikipiki. Recho alibaki amesimama pale. Kosa lile, jamani. Mtu wa Bangwe asingelikosea hata akiwa usingizini. Mtu wa Tabora asingejua kwamba kuna taa za kumezwa. Ni mtoto aliyelelewa juu mlimani tu, anayelitazama ziwa kwa mbali, angeweza kukosea namna ile. Hakukuwa na mke. Hakukuwa na mwalimu mwenzake. Badala ya kufurahi, Recho alishikwa na hasira ambayo hakuwahi kuijua.

"Mama, usiondoke. Nakuomba. Usipande pikipiki yoyote."

Akarudi ndani, akampita baba yake, akampita shangazi, akamshika Castory mkono hadi stoo, katikati ya maboksi ya vitabu, akafunga mlango.

"Recho, nilikuwa nataka kukwambia leo..."

"Mama yako alifariki lini?"

Castory akatazama mlango.

"Nakuuliza. Alizikwa wapi? Nikapeleke maua."

"Recho..."

"Umemuuliza jina lake!" Sauti ilimkatika. "Mama yako mzazi amesimama mbele yako, ukamuuliza niandike nani! Na akakujibu! Yuko pale nje ananiambia hakufahamu, anakulinda wewe, mtu mzima na ndevu zako!"

Castory akakaa juu ya boksi. Alifunika uso kwa viganja. "Yeye alinitikisia kichwa. Sikujua nifanye nini."

"Ungesimama. Mtu akimwona mama yake anasimama." Recho alifuta machozi kwa nyuma ya mkono. "Kwa nini? Kalinzi kuna aibu gani? Ni mwiba gani uliokuchoma?"

Castory aliinua kichwa, akamtazama, na kwa mara ya kwanza katika mwezi ule hakukwepa.

"Unakumbuka siku ya kwanza nilipokuja hapa na kazi yangu? Ulikuwa mlangoni. Uliniuliza kwetu wapi. Kabla sijajibu ukacheka, ukasema, 'Usiniambie milimani. Hapa tunataka watu wa maji. Watu wa milimani watatuandikia maharage na kahawa.'"

Recho alifungua mdomo. Alikumbuka. Jamani, alikumbuka hata gauni alilokuwa amevaa.

"Ulikuwa utani," alisema.

"Najua. Lakini ulikuwa umecheka vizuri sana, na mimi nilikuwa nimeshakupenda. Nikasema Bangwe. Kesho yake ukauliza, 'Wazazi wako ni nani? Baba atawajua.' Ningesema nini? Nikasema wamekufa. Baba yangu ni kweli alikufa. Mama..." Alimeza mate. "Nikaandika jina lake kwenye simu badala ya kuandika Mama. Kila akinipigia nilikuwa natoka nje. Alikuwa ananiuliza, mwanangu, mchumba wako anapenda kahawa?"

Recho alihisi hasira inapungua na huruma inaingia, akaifukuza. Huruma ndiyo iliyomponza mara ya kwanza.

"Utani wangu nitaubeba mimi, nitamwomba mama radhi mwenyewe," alisema. "Lakini mimi nilikutania mara moja. Wewe ulimzika kila siku. Nitakuaminije, Castory? Kesho tukigombana, mimi nitakuwa marehemu wapi?"

"Sema unachotaka nifanye."

"Stoo hii ina milango miwili. Huu wa nyuma unatokea sokoni, pita uende zako, mshenga nitamzuia mimi, hakuna atakayejua. Ule wa mbele una baba yangu, shangazi, na Bangwe nzima. Na mama yako yuko barabarani peke yake."

"Nikisema mbele ya baba yako kwamba nimedanganya, posa imekufa."

"Inawezekana."

"Na wewe?"

"Mimi sijui." Na kweli hakujua. Alikuwa anampenda mtu huyu hadi mifupa inamuuma, na alikuwa tayari kumwona akitoka kwa mlango wa nyuma. Alimgeuzia mgongo asione uso wake. Alisikia boksi likilia, hatua, kitasa. Hakuthubutu kugeuka kuona ni mlango upi.

Kisha akasikia kelele za duka zikizimika ghafla.

Alipotoka, Castory alikuwa anaingia kutoka barabarani. Alikuwa amemshika mama yake mkono, na mama alikuwa anavutavuta kwa nyuma, ananong'ona, "Acha, acha, utaharibu mambo yako." Hakumwachia. Alimfikisha hadi mbele, pale mwandishi anaposimama.

"Naomba nianze upya," alisema. Sauti yake nzuri yote ilikuwa imekwisha, imebaki kama ya mwenye mafua. "Naitwa Castory. Kwetu ni Kalinzi. Sijawahi kuishi Bangwe hata siku moja. Na aliyenisimulia hadithi ya kwanza ni mama yangu, Eufrasia. Huyu hapa. Hajafa. Nilisema uongo."

Hakuna aliyecheka, hata Thobias.

"Nilisema mimi!" Shangazi Melania alianza. "Si nilisema?"

"Melania, nyamaza," alisema Mzee Yona. Alisimama polepole, kofia mkononi. Recho alidhani anaondoka. Badala yake aliusogeza mbele ule mwili wake mrefu hadi akasimama mbele ya yule mama, akamwonesha kiti alichokuwa amekikalia.

"Kaa, mama Castory."

Akakaa, kitabu kifuani. Mzee Yona akabaki amesimama, anafikiri.

"Hivi ni kweli kule juu mnaziona taa zetu?"

"Ego, baba. Tunaziona sana. Isipokuwa kwenye mwezi. Mwezi unazimeza."

"Haukuzimeza, mama," alisema yule mzee taratibu, na kona za macho yake zikalegea. "Tulikuwa tumelala majumbani."

Eufrasia akamtazama, akamtazama mwanawe, akajipiga kiganja pajani. "Kumbe! Na mimi nikamdanganya mtoto!"

Hapo ndipo watu walipocheka, lakini kicheko kingine. Recho alikwenda akapiga goti mbele ya kiti, akamwambia mama yale maneno aliyoyasema mlangoni siku ile, kuhusu watu wa milimani na maharage yao, akamwomba radhi mbele za watu. Eufrasia alimshika kichwa kwa mikono miwili. "Lakini maharage yetu ni mazuri," alisema tu.

"Recho," baba yake aliita. "Nilikuomba neno moja."

Recho akainuka. Castory alikuwa amesimama kando ya meza, mikono imening'inia, hana hata mahali pa kuiweka. Macho yao yakakutana. Mungu wangu, aliwaza Recho, mbona bado nampenda?

"Mshenga asije kesho, baba."

Castory alifumba macho. Shangazi Melania akashusha pumzi ndefu. "Afadhali."

"Sijamaliza, shangazi. Mwezi huu ukiisha, giza likirudi, akina Thobias wakiingia majini, tutapanda Kalinzi sisi. Mimi, baba na wewe. Tukaone kwao kwa macho yetu. Na jioni mama atanipeleka pale ukingoni alipokuwa anasimama naye. Nikiziona taa, mshenga na ateremke."

"Na usipoziona?" aliuliza Castory kwa sauti ya chini.

"Nitajua hata hili ulinidanganya, na usinitafute tena."

"Zitaonekana," alisema Eufrasia. Halafu akakisukuma kile kitabu juu ya meza hadi mbele ya mwanawe, akakifungua ukurasa wa kwanza. "Na wewe, mwandishi, hapa umenikosea jina. Andika upya."

Castory akainama. Alikata yale maandishi yaliyopinda, na chini yake akaandika neno moja, Mama, taratibu, kama mtoto wa darasa la asubuhi. Tone la chozi likaangukia wino, akalifuta kwa kidole, likachafua.

Recho alisubiri amalize. Kisha akanyoosha mkono, kiganja juu.

"Na simu," alisema. "Ilete, na humo tulirekebishe jina. Nikiona."